Uzoefu wangu na albamu ya Iron Maiden kutoka Mexico: orodha iliyopangwa kwa kufuata pumzi

Mimi ni mwalimu wa kwaya katika kanisa moja la Eastlands, hapa Nairobi, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa pia shabiki wa Iron Maiden, bendi ya roki nzito ya Uingereza, jambo ambalo wazee wa kanisa wanalifahamu na wameamua kulivumilia kwa sharti kwamba nisionekane Jumapili nikiwa na fulana yenye picha ya Eddie, lile zimwi ambalo ni nembo ya bendi. Ninaitaja kazi yangu mapema kwa sababu ndiyo iliyoniongoza jinsi ya kuisikiliza albamu ninayoieleza hapa, Nights of the Dead, Legacy of the Beast: Live in Mexico City, na ndiyo iliyonitenga na wenzangu katika ubishi kuhusu uteuzi wa nyimbo zake, ambao umekula alasiri nyingi sebuleni kwangu.

Albamu hiyo ilitoka tarehe 20 Novemba 2020. Ni sidii mbili zenye nyimbo 16, zikitanguliwa na hotuba ya Winston Churchill, na zote zilirekodiwa katika maonyesho matatu ya mwisho wa Septemba 2019 ndani ya Palacio de los Deportes, ukumbi wa kuba uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 1968. Bendi ilikuwa katikati ya ziara ndefu iliyoanza Tallinn, Estonia, mwaka 2018, na ilipolazimika kuahirisha maonyesho ya 2020 kwa sababu ya korona, ndipo rekodi hizi zikatolewa. Sidii zangu zililetwa na kampuni ya vifurushi ambayo sitaitaja, kasha likiwa limepasuka pembeni na kijitabu kikiwa kimekunjamana kama risiti iliyosahaulika mfukoni, lakini sidii zenyewe zilikuwa salama, kwa hiyo nililalamika mara moja tu kisha nikanyamaza.

Wabishi sebuleni kwangu ni watatu. Wa kwanza ni fundi wa mitambo ya sauti, ambaye hutufungia spika kanisani na siku za kazi huwafungia wenye matatu zile spika zinazotetemesha vioo. Kwake yeye Iron Maiden ilifikia ukamilifu mwaka 1985 ilipotoa albamu yake ya jukwaani Live After Death, na yote yaliyofuata ni nyongeza. Wa pili ni mpwa wangu wa chuo kikuu, mpenzi wa Duma, wale wanamuziki wawili vijana wa Nairobi ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, naye hutuona mimi na fundi kuwa watu wa makumbusho. Wa tatu ni dada anayeimba sauti ya pili katika kwaya yangu, ambaye hakuwahi kuisikiliza bendi hii hata kidogo hadi siku alipokuja kuchukua nakala za nyimbo za Pasaka akatukuta tumefungulia amplifaya, akaketi.

Malalamiko ya fundi ni haya. Katika orodha ile ya nyimbo 16 zimo mbili za kipindi cha Blaze Bayley, mwimbaji aliyeshika nafasi ya Bruce Dickinson, anayeimba kwenye albamu hii, kati ya 1994 na 1999: "The Clansman" ya mwaka 1998 na "Sign of the Cross" ya mwaka 1995. Ya kwanza huchukua kama dakika tisa, ya pili kumi na moja hivi. Ukiongeza "For the Greater Good of God" ya mwaka 2006, nayo ya zaidi ya dakika tisa, unapata karibu nusu saa nzima iliyotolewa kwa nyimbo ambazo, kwa maneno yake, hakuna aliyelipa kiingilio kwa ajili yake. "Mwalimu," huniambia, "mtu ana dhahabu kabatini, halafu anawatandikia wageni bati?" Dhahabu anayoikusudia ni albamu ya 1986, Somewhere in Time, ambayo haikupewa hata wimbo mmoja. "Wasted Years" hakuna, "Heaven Can Wait" hakuna.

Mpwa wangu analalamika kutoka upande wa pili wa barabara. Anahesabu kwamba nyimbo nne zimetoka katika albamu moja tu, Piece of Mind ya 1983, ilhali The Final Frontier ya 2010 na The Book of Souls ya 2015 hazikuguswa, kana kwamba bendi yenyewe haiziamini kazi zake za karibuni. "Mjomba, hawa ni kama redio ya nyimbo za zilipendwa," anasema, na ninakiri kwamba kwa hesabu ya karatasi anayo hoja. Isipokuwa nyimbo mbili, "The Wicker Man" ya 2000 na hiyo ya 2006, hakuna chochote katika orodha kilichoandikwa katika karne hii.

Nilibishana nao kwa muda wa wiki kadhaa kwa njia hiyohiyo yao, nikitetea wimbo mmoja mmoja, mpaka jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya nilipoisikiliza albamu peke yangu nikiwa na kalamu mkononi, nikaandika kwenye karatasi mahali ambapo mwimbaji anaimba na mahali ambapo ananyamaza. Hapo ndipo nilipoona kwamba sote tulikuwa tukiihesabu orodha ile kama mafungu ya nyanya sokoni, hili kubwa, hili dogo, hili limeoza, wakati ambapo aliyeipanga alikuwa akihesabu pumzi.

Mtu yeyote aliyewahi kupanga nyimbo za kwaya kwa tamasha la saa moja na nusu anaijua hesabu hiyo. Huwezi kuweka nyimbo tatu za juu zikifuatana bila sauti ya kwanza kuanza kupasuka, na ukishaipoteza sauti ya kwanza katika wimbo wa tano hutaipata tena hadi Jumapili ijayo. Sasa mtazame Dickinson. Alizaliwa Agosti 1958, kwa hiyo jukwaani Mexico alikuwa na umri wa miaka 61. Mwanzoni mwa 2015 bendi ilitangaza kwamba alikuwa amepatikana na uvimbe wa saratani nyuma ya ulimi, akatibiwa kwa mionzi na dawa, na mwezi Mei mwaka huohuo akatangazwa kuwa amepona. Huyo ndiye anayeanza onyesho kwa "Aces High", wimbo wa 1984 kuhusu marubani wa Uingereza katika vita vya angani vya 1940, ambao kiitikio chake kinapanda mahali ambapo vijana wangu wa sauti ya tatu hawathubutu hata kunyosha shingo. Ni uamuzi wa kishujaa au wa kichaa, na kwa masikio yangu inasikika wazi kwamba koo lilikuwa halijapata moto: mwisho wa mistari anaukata mapema, na noti ya juu kabisa anaifikia kwa kusukuma, siyo kwa kupaa. Fundi hufurahi sana tunapofika hapo. Huitoa simu yake, akacheza wimbo uleule kutoka Live After Death, uliofungua onyesho vilevile baada ya hotuba ileile ya Churchill, na kweli, kijana wa miaka ishirini na sita wa wakati ule anaruka juu ya noti hiyo kama anayevuka mtaro.

Lakini endelea kusikiliza, na uandike kama nilivyoandika. Wimbo wa pili, "Where Eagles Dare", una sehemu ndefu ya katikati isiyo na maneno, ambapo magitaa na ngoma za Nicko McBrain hufanya kazi yote. Wa tatu, "2 Minutes to Midnight", unakaa chini zaidi. Kisha unakuja huo "The Clansman" unaolaumiwa, unaoanza kwa utulivu kabisa, mwimbaji akizungumza karibu na maikrofoni, na unapofika kwenye neno la kupigania uhuru, maelfu ya watu wa Mexico ndio wanaolipaza, siyo yeye. Wahenga walisema kuimba ni kupokezana, na sijui kama nimewahi kuusikia msemo huo ukitendeka kwa kiwango kile. Zaidi ya hayo, wimbo huo uliandikwa kwa ajili ya Blaze Bayley, ambaye sauti yake ni nzito na ya chini kuliko ya Dickinson, na vivyo hivyo "Sign of the Cross". Yaani nyimbo mbili ambazo fundi angeziondoa ndizo zilizomo ndani ya eneo la sauti ambalo mwimbaji huyu anaweza kulitembelea bila kujiumiza, na zote mbili zina mwendo mrefu wa magitaa unaompa dakika kadhaa za kunywa maji na kubadilisha vazi.

Anayejua rumba ya Kongo ataelewa haraka kuliko shabiki wa roki. Katika baa za Nairobi zenye bendi ya rumba, hakuna anayeinuka kulalamika kwamba sebene ni refu. Waimbaji wakishamaliza beti zao hurudi nyuma, gitaa la solo linashika usukani, na sakafu inajaa. Sehemu ya katikati ya "Sign of the Cross" ni sebene la watu wa London Mashariki, lenye magitaa matatu, ya Dave Murray, Adrian Smith na Janick Gers, yakiitikiana juu ya besi la Steve Harris linalokimbia kama farasi, na mimi sioni kwa nini tuliite upotevu wa muda.

Kuna jambo lingine ambalo wabishi wenzangu hawakuwa wamelifikiria, na nililifikiria mimi kwa sababu tu kwaya kutoka Mombasa ilitutembelea miaka michache iliyopita. Walikuwa waimbaji wazuri kutushinda, lakini kufikia wimbo wa nne walikuwa wakivuta hewa katikati ya maneno, na mwalimu wao aliniambia kwa aibu kwamba hajui kilichowapata vijana wake. Kilichowapata ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mapafu yaliyozoea hewa ya pwani hapa huchoka upesi. Ndiyo maana wanariadha wetu hufanyia mazoezi Iten, juu zaidi, ili wakishuka mabondeni waone hewa ni nyingi. Jiji la Mexico liko mita 2,240 hivi. Kumhukumu mzee wa miaka 61 kwa noti moja ya "Aces High" iliyoimbwa katika hewa hiyo, halafu kumlinganisha na rekodi za 1984 na 1985 zilizofanywa London na Long Beach, pwani ya California, ni sawa na kumshindanisha mkimbiaji wa kupanda mlima na yule wa tambarare kwa kutumia saa moja. Nilipoyasema haya, fundi alinyamaza kwa muda wa nusu kikombe cha chai, kisha akasema kwamba basi wangerekodia pwani.

Sidii ya pili ndiyo inayothibitisha hesabu. Baada ya "Sign of the Cross" unakuja "Flight of Icarus", wimbo wa 1983 ambao bendi haikuwa imeupiga jukwaani tangu 1986 hadi ulipofufuliwa mwaka 2018, na hapa sauti imeshafunguka: noti zilezile ambazo mwanzoni alizisukuma sasa anazishika na kuzivuta. Katika "Fear of the Dark" umati unaimba karibu kila kitu, hata mlio wa gitaa, na huo ni mpumziko mwingine ulioandaliwa kwa werevu. "The Number of the Beast" huanza na sauti iliyorekodiwa ikisoma maneno ya Kitabu cha Ufunuo (mke wangu huchagua dakika hiyo hasa kwenda kuanua nguo), na "Iron Maiden", wimbo wa albamu ya kwanza ya 1980, una maneno machache sana. Kwa hiyo anapofika "Hallowed Be Thy Name", ambao ndio mtihani mkubwa kuliko yote, mwimbaji amehifadhi mtaji wake. Mstari ule wa mwanzo, unaotoka polepole juu ya mlio wa kengele, mtu aliyehukumiwa kifo akisubiri alfajiri, anauimba kwa utulivu ambao kijana wa 1982 hakuwa nao na asingeweza kuwa nao. Wimbo huo bendi iliuacha katika ziara ya 2017 kwa sababu ya kesi ya haki za utunzi, na unaisikia shangwe ya watu waliorudishiwa kitu chao.

Huyo dada wa sauti ya pili, kwa upande wake, aliuliza swali moja tu katika jioni nzima, na lilikuwa bora kuliko mabishano yetu yote. Tulipokuwa tukisikiliza "Revelations" aliinua mkono na kuuliza kama yale si maneno ya wimbo wa ibada. Ndiyo. Ubeti wa kwanza umechukuliwa kutoka kwa tenzi ya G. K. Chesterton, "O God of Earth and Altar", iliyomo katika kitabu cha nyimbo cha Kianglikana cha 1906. Tangu siku hiyo yeye ni mtetezi wa "Sign of the Cross" pia, kwa sababu unaanza kwa uimbaji wa watawa, na hoja yake ni kwamba bendi inayojua kumwita mtu aingie kwa unyenyekevu kabla ya kumpigia kelele ni bendi inayojua liturujia. Mpwa wangu alicheka sana. Mimi sikucheka.

Nisije nikaonekana nimelipwa na bendi, yapo mambo yaliyoniudhi. La kwanza ni kwamba hakuna video. Ziara hii ilikuwa na ndege ya vita aina ya Spitfire ikining'inia juu ya jukwaa wakati wa "Aces High", ikiwa na ukubwa unaokaribiana na wa ndege halisi, na mwimbaji mwenye mitambo ya kurusha moto mikononi wakati wa "Flight of Icarus". Kutuuzia sauti tupu ya mambo hayo ni kutuelezea harufu ya pilau. Sisi tulio Nairobi, ambao tuliwaona wakifika Afrika Kusini mwaka 2016 kisha wakageuza, hatuna njia nyingine ya kuyaona isipokuwa vipande vilivyopigwa kwa simu na mashabiki, vinavyotikisika na kumaliza bando.

La pili ni sauti yenyewe. Umati umewekwa mbele mno katika baadhi ya nyimbo, na magitaa matatu, ambayo ndiyo fahari ya bendi hii tangu 1999, mara nyingi yanachanganyikana kuwa ukuta mmoja ambao hata kwa spika nzuri ni vigumu kujua nani anapiga nini. Hapa fundi na mimi tuko pamoja, na maelezo yake ni ya kitaalamu kuliko yangu: anasema ukumbi wa kuba hurudisha sauti kutoka kila upande, na anayechanganya akitaka umati usikike, lazima maikrofoni za umati zibebe na mwangwi wa magitaa. Live After Death ni safi zaidi; hilo ninamkubalia bila masharti. Ngoma za McBrain, hata hivyo, ziko wazi, na ninafurahi kwamba zilirekodiwa wakati ule, kwa kuwa Januari 2023 alipata kiharusi, na Desemba 2024 akapiga onyesho lake la mwisho la ziara huko São Paulo.

Mwaka 2025 bendi ilianza ziara nyingine, ikiwa na Simon Dawson kwenye ngoma, na orodha iliyofungwa ndani ya albamu tisa za kwanza, yaani kuanzia 1980 hadi 1992. "Wasted Years" imo, tena ndiyo inayofunga onyesho. Nyimbo za Blaze hazimo. Fundi aliisoma orodha hiyo kwa sauti sebuleni kwangu kama anayesoma hukumu ya mahakama iliyompa ushindi, nami nikamwonyesha kwamba kati ya nyimbo hizo imo "Rime of the Ancient Mariner", ya zaidi ya dakika kumi na tatu, na "Seventh Son of a Seventh Son" ya karibu dakika kumi, zote mbili zikiwa na sehemu ndefu katikati ambapo mwimbaji haimbi. Mapumziko yamerudi yakiwa na majina mengine. Alisema hilo halihusiani.

Ningeinunua tena? Ndiyo, ila kwa anayeanza kuifahamu bendi hii nisingeitanguliza. Huyo na aanze na Live After Death, kisha Rock in Rio ya 2002, na ndipo aje hapa akiwa tayari ana masikio ya kulinganisha. Kati ya nyota tano ninaipa nne, na ile moja iliyopungua ni ya ukosefu wa video na magitaa yaliyofunikwa. Kwa mwalimu yeyote wa kwaya, hata asiyependa kelele, sidii ya pili peke yake inatosha thamani ya fedha.

Wiki iliyopita nilifika kanisani mapema kwa mazoezi nikamkuta fundi amepiga magoti nyuma ya spika mpya, na katika ukumbi mtupu ilikuwa ikilia sehemu ya katikati ya "Sign of the Cross", sauti ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Aliponiona alipunguza na kunieleza, bila kunitazama usoni, kwamba hakuna wimbo mwingine kwenye simu yake wenye besi na magitaa ya kutosha kwa muda mrefu bila mtu kuimba, kwa hiyo siku hizi ndio anaoutumia kupimia mitambo.